Seva ya hifadhi: Namna ya kuizima salama kabla ya kubadilisha vipuri

KATIKA vituo vya biashara vya nyanda za juu za Mau, kama vile Keringet katika eneobunge la Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, daftari la karani limekuwa likiipisha tarakilishi. Lita za maziwa, kilo za majanichai, mikopo ya vyama vya akiba na faili za wagonjwa huweza kuingizwa kwenye mashine moja tu: seva ya hifadhi. Hili ni sanduku lenye diski kadhaa, aghalabu likiwa katika chumba cha nyuma, ambamo tarakilishi nyingine zote za ofisi huweka na kuchota kumbukumbu.

Siku moja kipuri cha sanduku hilo huharibika. Huenda ikawa feni, kadi ya RAM, kidhibiti cha diski au kifaa cha kusambaza umeme ndani yake. Fundi huitwa kutoka Molo au Nakuru mjini, naye hufika na kipuri kipya. Hatari kubwa huwa haiko katika kukifungua na kukifunga kipuri hicho. Iko katika dakika chache zinazotangulia, pale mashine inapozimwa.

Sababu ni kwamba seva husema jambo limeandikwa kabla halijaandikwa. Karani akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, programu humjibu mara moja kuwa kazi imekamilika. Kwa kweli data hiyo ingali katika RAM, kumbukumbu ya muda ambayo hufutika umeme ukiondoka. Diski ni nzito kufanya kazi ikilinganishwa na RAM, kwa hivyo mfumo endeshi hukusanya maandishi na kuyapeleka kwa mafungu. Katika Linux, data yaweza kungoja kwa kama sekunde 30 kabla ya kupelekwa. Ikifika kwenye kidhibiti cha diski, yaweza kungoja tena humo, na diski yenyewe ina kumbukumbu yake ndogo ya muda. Hivyo data hupitia vyumba vitatu vya kungojea, na anayechomoa waya huvifuta vyote kwa mpigo, isipokuwa pale kidhibiti kina betri yake.

Kwa mkulima, hasara hiyo haionekani papo hapo. Chukua mfano wa chama cha ushirika ambacho karani wake ameingiza maziwa ya asubuhi ya wanachama 40. Seva ikizimwa vibaya, huenda majina 33 yakabaki na 7 yakatoweka. Hakuna atakayejua hadi mwisho wa mwezi malipo yatakapotoka, na kufikia wakati huo mkulima hana ushahidi ila stakabadhi yake ya karatasi, kama hakuitupa.

Wengi hujifariji kwamba seva ina diski nyingi, basi moja ikifa nyingine zitaokoa. Mpango huo, ujulikanao kama RAID, ulielezwa mwaka wa 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni mpango mzuri, lakini ulibuniwa kuvumilia kifo cha diski, wala si nakala rudufu. Umeme ukikatika wakati diski moja imekwisha kuandikwa na mwenzake bado, diski hizo huanza kutofautiana, na mashine haijui ipi inasema kweli. Mifumo ya faili yenye jarida la mabadiliko, na ile kama ZFS iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka wa 2005, hupunguza madhara haya. Hata hivyo, haiwezi kurudisha data ambayo haikuwahi kufika kwenye diski.

Wakenya hawahitaji kuelezwa umeme ukikatika ghafla huwaje. Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika. Usiku wa Agosti 25, 2023, giza lilitanda karibu kote nchini, hata katika sehemu za uwanja wa ndege wa JKIA. Seva nyingi huamka baada ya misukosuko kama hiyo, na pengine ndiyo sababu mafundi wengine huona hakuna ubaya kuchomoa waya kwa makusudi. Lakini kuamka ni jambo moja, na kuamka ikiwa na kumbukumbu zote ni jambo jingine.

Basi kazi ya kuzima huanza kabla ya siku ya kuzima. La kwanza ni kuuliza kama kuna haja yoyote ya kuzima. Katika seva nyingi za ofisi, diski, feni na vifaa vya kusambaza umeme vilivyo viwili viwili hubadilishwa mashine ikiwa inafanya kazi, na kwa diski iliyokufa hiyo ndiyo njia bora. RAM, bodi kuu na kidhibiti cha diski kwa kawaida haviguswi bila kuzima. Kitabu cha mtengenezaji hueleza wazi kipi ni kipi.

La pili ni nakala rudufu, tena nakala iliyojaribiwa kwa kufunguliwa, angalau faili chache, kwenye tarakilishi nyingine. Kuna sababu isiyojulikana sana ya kusisitiza hili. Diski ambayo imezunguka miaka mingi bila kusimama huweza kukataa kuzunguka tena ikishapoa. Ilikuwa nzima jioni ilipozimwa na imekufa asubuhi, ijapokuwa fundi hakuigusa. Pia huwa busara kukagua afya ya kila diski kabla. Ikiwa mashine ingali inajenga upya diski iliyobadilishwa karibuni, ni afadhali kungoja imalize.

Siku yenyewe, watumiaji huarifiwa na kupewa muda wa kufunga kazi zao. Kisha huduma husimamishwa kuanzia juu kwenda chini: kwanza programu za makarani, halafu hifadhidata, mwisho ule mlango wa mtandao unaowapa wengine faili. Hifadhidata isisahauliwe, kwani ina maandishi yake ambayo hayajamalizika, nayo inajua kuyafunga vizuri ikiambiwa kwa amri yake yenyewe. Ndipo mfumo endeshi huamriwa uzime. Mfumo hupeleka kila kilichosalia kwenye diski, hufunga mifumo ya faili na kukata umeme wenyewe.

Pasipo na skrini wala kibodi, kitufe cha mbele huweza kutumika, mradi kiguswe kidogo tu. Mguso mfupi ni ombi kwa mfumo endeshi ujifunge kwa utaratibu, ikiwa umepangwa kulitii. Kukishikilia kwa sekunde 4 au zaidi ni kukata umeme kwa nguvu, jambo lisilotofautiana na kuchomoa waya. Subira ndiyo humshinda fundi hapa. Seva yenye mengi ya kuandika yaweza kuchukua dakika kadhaa, na taa ya diski inayopepesa ni ishara kwamba kazi inaendelea.

Ikiwa kuna kabati la diski lililo nje ya seva, seva huzimwa kwanza, kabati baadaye. Wakati wa kuwasha mpangilio hugeuzwa: kabati hutangulia, diski zikishazunguka ndipo seva ifuate. Ukikosea, seva huamka isione diski zake na yaweza kudhani zimekufa.

Mashine ikizimika, umeme bado umo ndani yake. Seva iliyozimwa lakini ingali imechomekwa huendelea kupitisha umeme mdogo kwenye bodi kuu. Kwa hivyo waya zote huchomolewa, na seva nyingi zina mbili, si moja. Kisha kitufe cha kuwasha hubonyezwa mara moja ili kumaliza umeme uliosalia. Diski nazo ziachwe zisimame kabisa kabla ya kusogezwa. Diski ya mzunguko 7,200 kwa dakika ina vichwa vya kusomea vinavyoelea juu ya sahani kwa mwanya wa nanometa chache tu. Vichwa hivyo hubebwa na hewa, na ndiyo maana watengenezaji wengi huweka kikomo cha meta 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Keringet iko zaidi ya meta 2,000, lakini haijafikia kikomo hicho.

Sweta ya sufi, vazi la kawaida katika baridi ya Mau, ni adui mwingine. Msuguano wake hutoa umeme tuli unaoweza kuua kadi ya RAM bila cheche yoyote kuonekana. Fundi huivua, huvaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na chuma cha sanduku, au angalau hukigusa chuma hicho kila mara kabla ya kushika kipuri. Kila diski huandikwa namba ya nafasi yake kabla ya kutolewa, na picha ya simu ya waya zote huokoa mabishano baadaye.

Kidhibiti cha diski kinataka uangalifu wa pekee. Baadhi yake huwa na betri inayolinda data ambayo haijaandikwa, katika kadi nyingi za zamani kwa siku 3 hivi. Kadi ikitolewa kabla ya kumaliza kuandika, data hiyo huondoka nayo. Kadi mpya ikishawekwa, huweza kuuliza kama isome mpangilio uliomo kwenye diski au iunde mpya. Kuunda mpya ni kufuta kumbukumbu zote, na swali hilo hujibiwa kwa kubonyeza mara moja tu. Asiyekuwa na hakika huacha hapo na kumpigia simu anayejua.

Betri ndogo ya saa kwenye bodi kuu nayo hufaa kukaguliwa. Ikiwa imechoka, seva iliyochomolewa huamka na tarehe ya miaka iliyopita, na maziwa ya leo yakaandikwa kuwa ya muongo mwingine. Saa huangaliwa kabla karani hajaruhusiwa kurudi kazini, pamoja na hali ya diski zote na jumla ya lita za siku ya mwisho zikilinganishwa na zile za karatasi.

Diski ya zamani haitupwi jalalani wala kuuzwa ovyo. Majina, namba za vitambulisho na deni la kila mwanachama vingali humo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde. Kwa siku chache za kwanza hufungiwa kabatini ikiwa na jina na tarehe yake, kisha data yake hufutwa kabisa au sahani zake zikatobolewa.