Gofu na Mahame

Kiswahili kina maneno mawili kwa mahali palipoachwa. Gofu ni jengo lililobaki kuta. Mahame ni mahali watu walipohama. Neno la kwanza latazama mawe, la pili lawauliza wenyewe. Wachoraji wa mandhari aghalabu hutuchorea gofu, mahame wakayaacha.

Tuchukue picha ya Jacob van Ruisdael, Mholanzi wa karne ya 17, iliyohifadhiwa Detroit, mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka Toronto. Yaonyesha makaburi ya Kiyahudi, gofu la kanisa, mti mkavu, kijito na upinde wa mvua. Wafasiri husema: kazi ya binadamu hupita, maumbile hudumu, na upinde ni matumaini. Makaburi ni ya kweli, yako Ouderkerk karibu na Amsterdam. Lakini gofu halikuwako pale, aliliweka mchoraji. Na jamaa za waliozikwa, Wayahudi wenye asili ya Ureno, walikuwa hai mjini, wakiendelea kuzikana papo hapo.

Gedi, karibu na Malindi, imepata hali kama hiyo. Picha zake ni kuta, mibuyu na mizizi iliyokumbatia mawe. Kwa hizo ukaitwa mji uliopotea. Lakini pana kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Watu wa pale hawakupotea, walihama. Washairi wa Kiarabu wa kale waliposimama kwenye atlal, waliuliza wenyeji wamekwenda wapi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, akayauliza hivyo majumba ya Pate.

Mwaka 1948 James Kirkman alianza kuchimbua Gedi. Mwaka huo huo Toronto ilianza kujenga Regent Park, nyumba za umma, mahali pa nyumba kuukuu za Cabbagetown. Katikati ya miaka ya 2000 majengo hayo nayo yakaanza kubomolewa kwa awamu. Familia zilihamishwa, baadhi zilirudi, nyingine hazikurudi. Leo pana bustani na miti michanga, wala hapana gofu la kuchora. Ni mahame matupu, na mti uliopandwa juu yake hausemi nani aliishi hapo.

Basi twawaomba wasomaji wetu mliotundika sebuleni picha ya Gedi au ya Mji Mkongwe: andikeni nyuma yake majina ya waliohama, walikotoka na mwaka. Fanyeni vivyo hivyo kwa picha za Regent Park ya zamani. Mahame na mhamiaji ni shina moja, nalo ni kuhama. Tusipoandika, wajukuu watarithi kuta bila watu. Na huko Toronto, hata kuta hawatazikuta.