Mgeni wa Nani? Wafanyabiashara wa Pwani Katika Njia ya Korogwe na Handeni



Mara ya kwanza kupeleka biashara yangu Handeni nilibeba mabegi mawili: mitandio, mashela ya biharusi na vitambaa vya lesi. Nilifikia kwa shangazi wa rafiki yangu tuliyesoma naye kozi ya ushoni. Nilifika adhuhuri, nikaoga, nikasali, na kabla wali haujaiva nilishatandaza mali kwenye baraza la nyumba ya pili. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchicha hakuitazama kabisa mali yangu. Aliniuliza, "Mgeni wa nani wewe?" Nikamjibu kwa adabu kuwa natoka Unguja. Akasema, "Sikukuuliza unatoka wapi."

Siku ile niliona bibi ana ukali tu. Baadaye nilianza kusoma habari za zamani za sehemu zile, nikakuta kwamba swali lake lina umri mkubwa kuliko reli ya Korogwe, na reli hiyo ilifika hapo mwaka 1902.

Kabla ya reli kulikuwa na njia ya miguu. Misafara iliondoka bandari ya Pangani, ikafuata bonde la mto Pangani, ikapita katika nchi tunayoiita leo Korogwe, ikaenda Mazinde, Upare hadi Kilimanjaro. Upande wa kusini, Handeni ya leo, Wazigua walikuwa wafanyabiashara wenyewe, mali yao ikishuka hadi Saadani. Bara zilitoka pembe za ndovu, na tusifiche, walitoka na watu pia. Kutoka kwetu ilikwenda nguo.

Hapa mtaniruhusu nikae kidogo, maana nguo ndiyo kazi yangu. Fedha ya njia ile ilikuwa kitambaa. Kulikuwa na merikani, pamba nyeupe isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Marekani kutoka mji wa Salem, na kulikuwa na kaniki kutoka Bara Hindi. Vilipimwa kwa mkono, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka. Mikono minane, yaani yadi nne, ni doti. Ndiyo doti hii hii tunayoitaja tukinunua kanga za sanduku la biharusi. Fundi yeyote atajiuliza kama nilivyojiuliza mimi: mkono wa nani? Maana mikono hailingani, na aliyepima kwa mkono mfupi alikuwa amekwisha kula faida.

Nguo peke yake haikumpitisha mtu. Kila penye mkubwa wa nchi msafara ulisimama na kutoa hongo. Neno hili leo linanuka, lakini wakati ule hongo ilikuwa haki ya mwenye nchi, ilitolewa mchana mbele za watu, na aliyeipokea alikuwa amekukubali upite. Mgeni aliyetaka kurudi tena na tena alihitaji zaidi ya hapo: alihitaji mwenyeji. Mwenyeji alimlaza, akamtafutia wauzaji, akamfundisha nani wa kuamkiwa kwanza, na deni likiharibika yeye ndiye aliyesimama.

Wengine walifika mpaka kuchanjiana. Wawili walikaa wakitazamana, wakachanjwa chale, kila mmoja akala kipande cha nyama chenye damu ya mwenzake, na msimamizi akatamka mabaya yatakayompata mwenye kuvunja undugu. Dada zangu, damu ni haramu kwetu na jambo hili halina njia. Lakini Waislamu wa misafara walilifanya. Mimi nasoma humo hofu yao: mtu yuko mbali na kwao wiki kadhaa, hana polisi, hana benki, hana anayemjua. Alitafuta ndugu popote alipompata.

Hata ufalme wa Usambaa ulianzishwa na mgeni. Masimulizi yanasema Mbegha alitoka Unguu, ng'ambo ya Handeni, akiwa mwindaji aliyekimbia kwao kwa sababu alizaliwa kigego. Alipanda milimani na nyama ya nguruwe mwitu (mtanisamehe), akabadilishana na wenyeji kwa chakula cha shamba. Aligawa nyama kabla ya kuomba chochote. Akaua simba Vuga, akaozwa wake katika sehemu mbalimbali za nchi, na watoto wake wakawa wajomba na wapwa wa kila mtu. Watawala wa Kilindi wote wanatokana naye.

Tunayajua haya kwa sababu ya mgeni mwingine. Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, kijana wa Unguja, aliishi na Wakilindi, akajua lugha yao na akamtumikia Semboja. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilianza kuchapwa na misheni ya Magila mwaka 1895. Semboja mwenyewe alikuwa mtoto wa Kimweri za Nyumbai, mfalme aliyekaa Vuga juu mlimani. Yeye Semboja hakutaka kukaa mlimani. Alijenga Mazinde, chini kabisa, misafara inapopita, akawa mwenyeji wa watu wa pwani na akapata bunduki kwao. Baada ya Kimweri kufa mwaka 1862, nguvu ikahamia kwa aliyekaa barabarani. Vita vilivyofuata viliwaumiza watu wengi. Kwa hiyo wenyeji hawa hawakuwa wote watu wa heri, na mgeni naye aliweza kuleta balaa mkononi.

Kuna wageni wa Handeni ambao habari yao ilinitoa machozi. Karne ya 19 ukame na njaa viliwapiga Wazigua, na wengi walichukuliwa kwa majahazi wakauzwa Somalia. Vizazi vyao vilikaa bonde la mto Juba wakisema Kizigua. Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi yao walikuja Tanzania kama wakimbizi, wakawekwa Handeni, baadaye Chogo, na wengi wakapewa uraia. Fikiria mama anashuka garini, ana mtoto mgongoni, hajawahi kuiona nchi hii wala hana wa kumtaja, na anaamkia kwa lugha ya bibi zake, na wenyeji wanamwitikia.

Mimi sikuwa na lugha hiyo, na sikuwa nimetumia hata niliyokuwa nayo. Safari ile ya kwanza nilimkopesha mteja mmoja seti nzima ya harusi, shela na nguo ya kupambia, thamani ya shilingi 240,000, bila kumwambia shangazi. Alikuwa mcheshi na alinisifu ushoni wangu. Simu yake ikazimwa. Nilipomlilia shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, nitakwenda kudai mali ambayo sikuiona ikitoka?" Fedha ile ilikuwa kodi ya kibanda changu ya miezi mitatu, na sijaipata hadi leo.

Safari ya pili niliacha mabegi ndani. Siku nzima shangazi alinipitisha nyumba kwa nyumba nikiamkia, nikila, nikisikiliza habari za wagonjwa, nikikaa msibani kwa watu nisiowajua. Hakuna aliyeniuliza bei. Jioni tukafika kwa bibi wa mchicha, na shangazi akasema, "Huyu ni mgeni wangu." Nikampa bibi kilo mbili za sukari na doti moja ya kanga.

Aliikunjua kanga yote, akaiweka kwenye kiwiko chake, akaanza kuipima mpaka ncha ya kidole akihesabu kimoyomoyo. Ilimalizika kabla ya nane. Akanitazama. "Doti zenu za siku hizi fupi," akasema, kisha akamwita mjukuu wake wa kike, ambaye harusi yake ilikuwa mwezi unaofuata, aje apimwe.