Kidonge cha sukari na mlango uliokutwa hadi moyoni

Kila ifikapo 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, mahema ya kupima afya husimamishwa mijini, vidole hutobolewa, na wakubwa huhimiza watu kula mboga na kutembea kwa miguu. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa heshima ya Frederick Banting, daktari wa Kanada aliyezaliwa siku hiyo na ambaye yeye na wenzake waligundua insulini mwaka 1921. Insulini inastahili sherehe yake. Lakini wazee wengi wanaokaa kwenye mabenchi ya kliniki za sukari hapa Dodoma hawajichomi sindano. Wanameza vidonge, na kimojawapo, kidonge cha zamani na cha bei nafuu, hakuna aliyewahi kukitengea hata nusu siku.

Kidonge hicho ni glibenklamidi, ambayo wakongwe wa kliniki wanaijua pia kwa jina la biashara, Daonil. Imetimiza miaka 60 hivi tangu kampuni mbili za Ujerumani, Hoechst na Boehringer Mannheim, ziitengeneze mwaka 1966. Historia yake ina njaa, vita na kesi mahakamani, na ina jambo moja la ajabu: dunia iliitumia yenyewe na ndugu zake kwa karibu miaka 30 kabla ya kujua inagusa nini ndani ya mwili. Ilipokuja kujulikana, ikaonekana haigusi kongosho peke yake.

Tuanzie Montpellier, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1942. Nchi imekaliwa na Wajerumani upande mmoja, chakula ni cha mgawo, homa ya matumbo inaua. Daktari Marcel Janbon anawajaribia wagonjwa wake dawa mpya ya jamii ya salfa, iliyojulikana kwa namba tu, 2254 RP. Wagonjwa wanatetemeka, wanapoteza fahamu, wengine wanashikwa na degedege, na baadhi wanakufa. Damu yao ilipopimwa, sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Mwenzake, Auguste Loubatières, akalichukua fumbo hilo hadi maabara. Mbwa aliyekuwa na kongosho lake alipopewa dawa, sukari ilishuka. Mbwa aliyeondolewa kongosho hakupata badiliko lolote. Loubatières akahitimisha kwamba dawa inalilazimisha kongosho kumwaga insulini. Alikuwa sahihi, ila vita vilikuwa vimetanda na sauti yake haikufika mbali.

Ikabidi jambo lilelile ligunduliwe mara ya pili. Huko Berlin, miaka ya 1950, daktari kijana Joachim Fuchs alimeza mwenyewe dawa nyingine ya salfa na kuonja dalili za sukari kushuka. Mwaka 1955 yeye na mkuu wake, Hans Franke, walitangaza matokeo yao kwa wagonjwa wa kisukari. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Tolbutamidi ikafuata, ikaingia sokoni Marekani mwaka 1957 kwa jina la Orinase, kisha klopropamidi, kisha glibenklamidi.

Hapa namfuata Jeremy Greene, daktari na mwanahistoria wa Marekani aliyeandika *Prescribing by Numbers* mwaka 2007. Greene haoni ajabu kubwa kwamba kidonge kilishusha sukari. Anachokikazia ni jinsi kilivyobadilisha maana ya kuumwa. Zamani mtu alikuwa na kisukari kwa sababu alikonda, alikunywa maji mtungi mzima na kwenda haja ndogo usiku kucha. Kidonge kilipokuja, ikawa rahisi kumtibu mtu asiyesikia maumivu yoyote, mradi namba kwenye karatasi ya maabara imezidi. Wenye viwanda walilielewa hilo mapema, na soko likapanuka.

Ndipo ukaja ugomvi wenyewe.

Mwaka 1961 vituo vya tiba nchini Marekani vilianza utafiti wa pamoja ulioitwa University Group Diabetes Program. Hatimaye vituo 12 vilishiriki, na wagonjwa wakazidi 1,000. Wengine walipewa tolbutamidi, wengine insulini, wengine kidonge kisicho na dawa. Watafiti walitarajia kupima nani atawahi kuharibika macho na figo. Hawakutarajia kuhesabu vifo vya moyo. Lakini vifo vilipohesabiwa, kati ya watu 204 waliomeza tolbutamidi, 26 walikuwa wamekufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Kati ya 205 waliomeza kidonge kitupu, walikuwa 10. Mwaka 1969 kundi la tolbutamidi likasimamishwa.

Habari zilivuja Mei 1970, kabla watafiti hawajasimama mbele ya wenzao. Zilipitia kwenye mtambo wa habari za soko la hisa, yaani wenye hisa walijua kabla ya madaktari, na wagonjwa walisoma magazetini kwamba kidonge walichomeza asubuhi kinaweza kuwaua. Simu zikalia kliniki nchi nzima. Madaktari wakubwa wa kisukari wakakasirika, na kusema kweli sehemu ya hasira yao ilikuwa ya haki: nani anayependa kuambiwa na mgonjwa wake jambo ambalo yeye hajalisikia? Wakaunda kamati na kumpata wakili. Mlalamikaji wa kwanza alikuwa Robert Bradley wa kliniki mashuhuri ya Joslin, Boston. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipotaka kubandika onyo kwenye dawa hizo, wakaenda mahakamani kulizuia. Walisema wagonjwa hawakugawanywa sawasawa, kwamba vituo vichache ndivyo vilivyobeba vifo vingi, kwamba kipimo cha dawa hakikubadilishwa kulingana na hali ya mgonjwa. Wakadai wapewe majalada ghafi ya utafiti wayahesabu wenyewe. Kesi hiyo ya majalada ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1980 wakashindwa. Kabla ya hapo, mwaka 1975, kamati huru ya wanatakwimu ilikuwa imepitia hesabu zote na kuona kwamba shaka dhidi ya tolbutamidi ina uzito. Hata hivyo onyo halikubandikwa hadi mwaka 1984, miaka 14 baada ya habari kuvuja.

Miaka 14 hiyo inaniumiza kichwa. Wasomi walibishana kuhusu takwimu, wanasheria kuhusu majalada, na pande zote mbili hazikujua dawa inafanya nini kwenye moyo, au kama inafanya lolote.

Jibu lilianza kuja mwishoni mwa kesi hizo, na lilitoka kwa watu ambao hawakuwa wakitafuta dawa ya sukari. Mwaka 1983 Mjapani Akinori Noma alikuwa akichunguza seli za moyo. Akakuta kwenye utando wake milango midogo inayopitisha ayoni za potasiamu. Seli ikiwa na nishati ya kutosha, ile molekuli iitwayo ATP, milango hufungwa. Nishati ikipungua, hufunguka. Mwaka uliofuata milango ya aina hiyohiyo ikaonekana kwenye seli za beta za kongosho, na Frances Ashcroft wa Uingereza na wenzake wakaonyesha kwamba glukosi ndiyo inayoifunga.

Mambo yakajipanga. Mtu akila, glukosi huingia kwenye seli ya beta na kuchomwa, ATP huongezeka, na mlango wa potasiamu hufungwa. Potasiamu ikizuiwa kutoka, chaji ya umeme ya utando hubadilika, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, na insulini iliyokuwa imehifadhiwa humwagwa kwenye damu. Mwaka 1985 ikaonyeshwa kwamba dawa za jamii ya glibenklamidi hufunga mlango huohuo wa potasiamu, na hazisubiri glukosi. Mtu awe amekula au hajala, mlango unafungwa na insulini inatoka. Ndicho kilichowapata wale wagonjwa wa Montpellier. Homa ya matumbo iliwakatalisha chakula, vita vilikuwa vimepunguza kilichokuwepo, na dawa ikalikamua kongosho vilevile.

Mlango huo haukuishia kwenye kongosho na moyo. Ulipatikana kwenye misuli ya mifupa, kwenye misuli laini inayozunguka mishipa ya damu, na kwenye ubongo, katika seli zinazopima sukari ya mwili. Kwenye mishipa, mlango ukifunguka msuli hulegea na damu hupita kwa wepesi. Kwenye moyo, wakati wa kawaida umefungwa. Damu ikikatika, hufunguka ili moyo upunguze kazi na usiunguze nishati yake yote. Ni kinga. Dawa inayoufunga mlango huo kwa nguvu huweza, kwa nadharia, kuunyima moyo kinga yake saa inapohitajika zaidi.

Mwaka 1995 na 1996 wanasayansi walitambua jeni za sehemu za mlango. Sehemu inayoshikwa na dawa haifanani kila mahali: kongosho lina aina yake, moyo una nyingine. Mwaka 1998 kundi la Ashcroft likajaribu dawa hizo kwenye milango iliyopandikizwa katika mayai ya chura. Tolbutamidi ilishika mlango wa kongosho, ule wa moyo ikauacha. Gliklazidi, ilipojaribiwa baadaye, vivyo hivyo. Glibenklamidi ilishika yote miwili.

Kwa hiyo dawa iliyoburutwa mahakamani ndiyo ambayo karibu haiugusi mlango wa moyo, na glibenklamidi, inayougusa, ilienea duniani huku mabishano juu ya mwenzake yakiendelea. Hii haimaanishi kwamba glibenklamidi imethibitika kuua kwa njia hiyo. Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, uliotoa matokeo mwaka huohuo wa 1998, haukuona vifo vya moyo vikiongezeka kwa waliopewa dawa za jamii hiyo, glibenklamidi ikiwemo. Yai la chura si kifua cha mzee. Lakini mtu akisoma hukumu zile sasa, hawezi kuacha kuwaza kwamba huenda walikuwa wakimhoji shahidi asiye sahihi.

Na sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1970, habari zile zilipovuja, Wagogo, wenyeji wa Dodoma, walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa katika Operesheni Dodoma. Mwaka 1973 ikaamuliwa mji huu uwe makao makuu ya nchi. Kisukari hakikuwa kwenye ajenda ya mtu. Takwimu zetu za kwanza za maana zilitoka Muhimbili, ambako Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao walifuatilia wagonjwa wapya 1,250 walioandikishwa Dar es Salaam kati ya 1981 na 1987. Wale ambao hawakuhitaji insulini walikuwa theluthi mbili, yaani watu wa chakula maalumu na vidonge. Timu hiyo ilikwenda vijijini pia, Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na kukuta wenye kisukari hawafiki mmoja kati ya watu wazima 100. Nyanda za kati hazikuwemo. Kongwa, moja ya wilaya za Dodoma, ilijulikana katika majarida ya dunia kwa utafiti wa ugonjwa wa vikope (trakoma) na nzi, na kazi ile ilikuwa njema, ila sukari ya Mgogo haikumhusu mtu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulipotoa asilimia 9 hivi kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64, wengi walishtuka.

Miaka ya karibuni naweza kuipitia haraka. Watu wachache wanaozaliwa na kisukari kwa sababu mlango wao wa potasiamu haufungiki waliachishwa sindano na kuhamishiwa glibenklamidi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha 44 kati ya 49 wakifanikiwa, na kwao kidonge hiki cha zamani ni neema kamili. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliweka gliklazidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu na kuandika kwamba glibenklamidi haiwafai waliopita miaka 60. Sababu kubwa haikuwa moyo. Ilikuwa sukari kushuka, maana glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, na mzee ambaye figo zake zimechoka huchelewa kuitoa.

Onyo hilo lilipaswa kupigiwa kelele Dodoma kuliko Geneva. Hii ni nchi ya mvua moja kwa mwaka, na mvua yenyewe ikikataa, hakuna wa kumlaumu. Ukame na vita vya wakubwa vilileta Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria iliua watu 30,000 kati ya Wagogo 150,000. Njaa ya namna ile imepita. Lakini Januari hadi Machi, kabla uwele haujakomaa, bado zipo kaya ambazo bibi anakula mlo mmoja na kuwaachia wajukuu wa pili. Bibi huyo akimeza kidonge chake asubuhi kama alivyoelekezwa, kongosho lake litamwaga insulini bila kuuliza kama jikoni kumewashwa moto. Atatoka jasho, atachanganyikiwa, atalegea. Majirani watasema malaria imepanda kichwani, au ni uzee, au amerogwa.

Mji huu sasa una Chuo Kikuu cha Dodoma chenye shule ya tiba, una Hospitali ya Benjamin Mkapa, una wizara ya afya yenyewe. Tunajivunia mashine za moyo, na ni haki yetu. Ila swali la ni wazee wangapi wa Bahi, Chamwino na Mpwapwa wanaoangushwa na kidonge cha sukari katika miezi ya njaa halihitaji mashine. Linahitaji mtu wa kukaa na madaftari ya kliniki, tarehe za mvua na mzani, na wa kumuuliza kila mgonjwa amekula nini jana jioni.