Moshi wa tumbaku, pombe na mapafu: Dzaleka na Lilongwe

Moshi wa tumbaku huingia kwenye mapafu moja kwa moja. Pombe hupitia damu. Madhara ya moshi yanajulikana na wengi. Ya pombe husahaulika, kwa sababu mlevi hutazamiwa kuugua ini, na anapopata nimonia hulaumiwa baridi.

Dzaleka, katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, iko takriban kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe. Palikuwa gereza la kisiasa zama za Rais Hastings Kamuzu Banda, pakageuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Kambi ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha ya sokoni. Kuizunguka ni nchi ya wakulima wa tumbaku. Majani ya aina ya burley hukaushwa kwa hewa, yakining'inia mabandani, kisha marobota hupelekwa kwenye mnada wa Kanengo, Lilongwe. Karibu yote huuzwa nje, na hakuna zao linaloiingizia Malawi fedha nyingi za kigeni kuliko hilo. Si ajabu kwamba Malawi ilijiunga na mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2023, miaka 18 baada ya mkataba huo kuanza kutumika.

Sigara moja, ya dukani au ya kusokotwa kwa karatasi ya gazeti, hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo husababisha saratani. Mirija ya hewa ina vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma ute na vumbi kuelekea kooni. Moshi huvilemaza, ute hutuama, na mvutaji huamka asubuhi akikohoa makohozi mazito. Miaka ikipita, kuta za vifuko vya hewa huliwa na pumzi hukata hata kwa mwendo mfupi. Kaboni monoksidi nayo hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu hupita mapafuni na kutoka na oksijeni pungufu.

Pombe ina hila nyingine. Iwe chibuku ya pakiti au kachasu iliyokenekwa nyumbani, ikizidi hulegeza koo na kuzima kikohozi kinachotuokoa tunapopaliwa. Mlevi aliyelala chali akitapika anaweza kuvuta matapishi hadi mapafuni. Ndiyo maana hulazwa kwa ubavu, wala haachwi peke yake. Ulevi wa muda mrefu hudhoofisha pia seli zinazomeza vijidudu ndani ya vifuko vya hewa, na nimonia ya mlevi huwa kali kuliko ya mwingine.

Vitu hivi viwili mara nyingi huenda pamoja, glasi mkononi na sigara mdomoni, na hapo madhara hayajumlishwi tu bali huzidishana. Pombe hulainisha utando wa kinywa na koo, sumu za moshi zikapenya kwa urahisi. Saratani za kinywa, koromeo, zoloto na umio huwapata zaidi wanaotumia vyote viwili kuliko wanaotumia kimoja.

Kambini, jambo la kuogopwa zaidi ni kifua kikuu. Uvutaji huongeza hatari ya kuugua takriban maradufu, na ulevi mkubwa takriban mara tatu. Nyumba zilizobanana na zisizopitisha hewa humaliza kazi. Aliye kwenye dawa za kifua kikuu naye akinywa huhatarisha ini, kwani isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, na pombe vyote huliumiza, na wanywaji ndio mara nyingi wanaoacha dozi njiani.

Hata asiyevuta wala kunywa hasalimiki na moshi wa jikoni. Utafiti mkubwa wa wilaya za Karonga na Chikwawa, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2017, uligawa majiko safi zaidi kwa familia, lakini nimonia ya watoto wadogo haikupungua. Watafiti walidhani moshi wa taka zinazochomwa na wa tumbaku ulichangia.

Anayeacha sigara hupungukiwa na kaboni monoksidi katika damu ndani ya siku moja au mbili. Vinyweleo huanza kufanya kazi tena, na kwa wiki kadhaa kikohozi huweza kuzidi kwa kuwa ute uliotuama sasa unatolewa. Wengine hurudi kwenye sigara hapo, wakiamini ilikuwa ikiwatuliza kifua. Vifuko vya hewa vilivyokwisha kuliwa havirudi, lakini uharibifu hupungua kasi.