Namba 9 wa Stars: Ubishi wa Lemara Una Jibu Tangu 2019

Wadau, kaa kijiwe chochote cha bodaboda Lemara, ubishi wa Taifa Stars ni uleule: mbele aanze nani? Nahodha au yule winga mwenye mbio? Leo tuweke ushabiki pembeni, tucheki historia.

2019 tulirudi AFCON baada ya miaka 39, tangu Lagos 1980. Pale Cairo, dhidi ya Kenya, nahodha alipiga shuti, kipa akatema, winga akamalizia. Baadaye nahodha akafunga la kwake. Tukalala 3-2, na hayo ndiyo mabao yetu pekee kwenye fainali zile.

Januari 2024, Ivory Coast, dhidi ya Zambia: nahodha akatoa pasi, winga akafunga. Ikaisha 1-1. Bao letu pekee tena.

Umeona? Mechi 6, mabao 3, na mawili yaliwahitaji wote wawili. Sisi tunagombania nani akae benchi, kumbe swali ni nani atamlisha mwenzake.

AFCON 2027 tunaandaa wenyewe na Kenya na Uganda. Majina sitaji, mnawajua. Warithi wao wawili ni akina nani? Shusha komenti.