Msonobari mdogo na fili ya shaba: namna ya kuupa mti wa bonsai umbo

Bonsai si aina ya mti. Ni mti wa kawaida ambao mtu anautunza mu chungu, anaukata na kuukunja polepole, mpaka mti wenye urefu wa mkono uonekane kama mzee wa porini. Kazi hii ilitoka China, ikakomaa Japani. Mu Lubumbashi, kifaa chake kikubwa ni kitu ambacho kila mtu anakijua: shaba.

Juu ya nini shaba?

Tawi la msonobari ni gumu, likiachwa linarudi pahali pake. Kwa hiyo linazungushiwa waya, ule watu wanaita fili. Shaba ikipashwa moto mpaka iwe nyekundu kisha ikapoa, inakuwa laini. Ukiikunja, inakaza na kushika. Wafuaji wa Bayeke, kule Bunkeya, walijua tabia hiyo mu karne ya 19, wakati walivuta shaba kuwa nyuzi za bangili. Anayeanza anaweza kutumia alimini. Ni rahisi kukunja, lakini inapaswa kuwa nene kidogo kuliko shaba.

Fili inatoka wapi?

Hapa ndipo pa kuwa na akili. Kabo ikikatwa barabarani, katiye nzima inabaki gizani, na mwenye kununua shaba hiyo anamlipa mwizi. Mabaki ya kazi za fundi wa umeme yanatosha, na bei yake ni ndogo. Plastiki itolewe kwa kisu. Hapana kuichoma: moshi wake ni sumu kwa watoto na kwa majirani.

Wakati wa kazi

Mwezi wa sita na wa saba, kukiwa baridi na mvua hakuna, mti unakua polepole. Ndiyo saa nzuri ya kufunga fili. Lakini mti uwe na afya, na usibadilishiwe udongo msimu ule ule. Mateso mawili kwa mara moja yanaua mti mdogo.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta mti wa pepinyeri wenye shina nene chini na matawi mengi. Ondoa udongo wa juu uone mizizi, kisha chagua upande wa mbele.

2. Chagua matawi ya kubaki. Yale yanayotoka pahali pamoja, punguza. Kila tawi linalobaki liwe na majani yake ya sindano: tawi la msonobari lililonyolewa lote, kwa kawaida linakufa.

3. Pima fili: unene wake uwe karibu theluthi moja ya unene wa tawi.

4. Fili moja ifunge matawi mawili ya jirani, ikipita kwanza kwenye shina ili ishike. Izungushe kwa mshazari wa digrii 45 hivi, bila kubana na bila kufunika sindano.

5. Kunja kwa vidole gumba viwili, kidogo kidogo. Ukisikia mlio wa kupasuka, simama hapo. Fili ikae upande wa nje wa pindo, ndiyo inazuia ganda lisipasuke.

Kisha hapo

Mti ukae nje kwenye jua, si mu salo. Maji yapite haraka chini ya chungu, lakini mu kiangazi udongo usikauke kabisa. Mvua zikianza, matawi yananenepa haraka: angalia fili kila wiki. Ikianza kuzama mu ganda, ikate vipande vipande kwa pensi. Kuifungua kwa kuzungusha kunavunja tawi, na alama ya fili inaweza kubaki miaka mingi. Tawi likirudi, funga tena.

Uvumilivu ndio bei ya kazi hii. Mu Washington kuna msonobari ulioanza kutunzwa mwaka 1625. Uliokoka bomu la Hiroshima mwaka 1945, na mu 1976 familia ya Yamaki iliutoa zawadi kwa Marekani. Hakuna mtu mmoja aliyeutunza maisha yake yote. Kila kizazi kiliachia kingine. Mu mji ambako miombo ya pembeni inazidi kwisha juu ya makala, mti mmoja unaotunzwa mu parseli hauwezi kurudisha pori. Lakini mtoto anayeumwagilia maji kila asubuhi anajifunza mapema kwamba mti unachukua miaka kukua, na dakika chache tu kukatwa.