Matairi ya pikapu za mizigo: mambo ya kuangalia kabla ya kutoka Buyenzi

BUJUMBURA – Mtaa wa Buyenzi unajulikana kwa mambo mawili, Kiswahili na gereji. Wasafirishaji wanaotoka Kigoma, Uvira na sehemu za ndani za Burundi hufika hapo kutafuta spea, kubadilisha springi zilizovunjika na kununua matairi. Tangu Soko Kuu la Bujumbura lilipoungua mwezi Januari 2013, msongamano wa biashara uliongezeka katika masoko ya mitaa, likiwemo la Ruvumera lililomo Buyenzi, na pikapu za mizigo, ambazo wenyeji huziita kamioneti, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya bidhaa zinazoingia na kutoka humo.

Mwenye pikapu anapofika dukani, swali lake la kwanza huwa ni bei. Lakini tairi lililochaguliwa vibaya hasara yake haiishii kwenye tairi. Likipasuka kwenye mteremko wenye kona, gari na mzigo vinaweza kuishia bondeni, na mara nyingi nyuma ya mzigo kuna watu wamekaa.

Njia kwanza, tairi baadaye

Kutoka Bujumbura, mji ulio karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, Barabara ya Taifa namba 1 inapanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,200, katika umbali usiofika kilomita 40. Ni lami, lakini ni lami ya kona kali, mvua na ukungu, yenye waendesha baiskeli wanaopanda wakiwa wamejishika nyuma ya malori na kushuka kasi na mizigo yao. Hapo kinachohitajika ni tairi linaloshika lami yenye maji na kustahimili joto la kushuka na mzigo.

Njia ya kusini, kandokando ya Ziwa Tanganyika kupitia Rumonge na Nyanza-Lac hadi Mugina na Manyovu, ni mchanganyiko. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2018 fedha za kujenga sehemu za Kabingo–Kasulu–Manyovu upande wa Tanzania na Gitaza–Rumonge upande wa Burundi, lakini maporomoko ya udongo na maji ya ziwa yamekuwa yakiharibu vipande vya njia hiyo ya ziwani. Magharibi, kuvuka Gatumba, mambo hubadilika kabisa. Barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka na Fizi ni ya udongo, na masika ikifika ni matope na mito. Kwenye mlima wa Ngomo, njia ya Bukavu, ni mawe yanayochana ubavu wa tairi.

Ndiyo maana matairi ya njia zote, yenye herufi A/T ubavuni, hupendwa na watu wa pikapu. Kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa ardhi, ni kubwa kuliko za tairi la lami (H/T) na ndogo kuliko za tairi la matope (M/T). Dereva anayekwenda Gitega na Ngozi tu kwa lami, wala haingii njia za vijijini, hana sababu ya kulipia A/T. H/T yenye nguvu ya kutosha itamdumu zaidi na kumpunguzia mafuta, jambo ambalo si dogo katika mji uliozoea foleni ndefu za vituo vya mafuta. Anayekwenda Fizi kila wiki wakati wa mvua ana haki ya kufikiria M/T, ila ajue kwamba kwenye lami ya Bugarama yenye maji tairi hilo husimama polepole, hupiga kelele na huisha upesi. Kwa aliye katikati ya hao wawili, na ndio wengi, A/T ndiyo jibu.

Namba za uzito

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kashata inaonekana kwa macho, lakini uwezo wa kubeba umeandikwa kwa namba ndogo ambazo wauzaji wengi huzipita. Mfano ni tairi lililoandikwa LT 245/75R16 120/116S. Upana wake ni milimita 245, urefu wa ubavu ni asilimia 75 ya upana huo, na rimu ni inchi 16. Namba 120 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,400 likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli. 116 ni kilo 1,250 kwa kila tairi yakifungwa mawili mawili. Herufi S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Namba nyingine za kukumbuka ni 100 (kilo 800), 106 (kilo 950), 112 (kilo 1,120) na 118 (kilo 1,320).

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme pikapu ikiwa tupu ina kilo 1,800, ambazo 1,000 zinakaa mbele na 800 nyuma. Ikipakiwa tani moja ya mchele, karibu uzito wote wa mzigo unaangukia nyuma, na dereva na utingo wanaongeza kama kilo 50 huko nyuma. Ekseli ya nyuma inakuwa na kilo 1,850, sawa na 925 kwa kila tairi. Tairi la 100 limeshindwa kabla ya safari kuanza. La 106 limebakiza kilo 25 tu, na shimo moja au kona moja inazimaliza. La 112 linafanya kazi kwa nafasi. Sasa, mzigo ukifikishwa tani moja na nusu, kama inavyozoeleka, kila tairi la nyuma linabeba kilo 1,175, na hata la 112 limezidiwa.

Mtu atasema basi afunge la 120. Tairi litavumilia, lakini ekseli, springi na breki havikuongezwa nguvu na tairi hilo, na kinachoshuka Bugarama ni gari zima. Kibandiko cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida hukaa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ndicho kinachotaja saizi na upepo, na uzito wa mwisho umo kwenye kitabu cha gari au bati la namba za chesesi.

Herufi C mwishoni mwa saizi (kama 225/70R15C) au LT mwanzoni huonyesha tairi lililotengenezwa kwa gari la mizigo. Tairi lisilo na C wala LT, au linaloanza na P, ni la gari la abiria hata likiwa na kashata za kutisha. Wako wanaouziwa A/T za namna hii zilizotoka kwenye magari ya kifahari. Sura ni ya kazi, lakini ubavu ni laini, na ukiwekwa juu ya magunia utajikunja na kuchemka.

Wenye Land Cruiser za mizigo hukutana na saizi 7.50R16, yenye tyubu na rimu ya ringi. Herufi R ni tairi la waya, ikiandikwa 7.50-16 kwa kistari, ni la nailoni. La nailoni lina ubavu mgumu na bei nafuu, lakini huchemka zaidi kwa mwendo wa lami. Mawili hayo yasichanganywe kwenye ekseli moja. Rimu ya ringi ina sifa ya kufunguka kwa vyuma viwili tu porini, ila ringi isiyokaa sawasawa huruka wakati wa kujaza upepo na inaweza kuua. Fundi mwenye busara huizungushia mnyororo na kusimama pembeni, si juu yake.

Kubadili saizi nako kuna gharama. Kutoka 265/70R16, yenye kipenyo cha kama milimita 777, kwenda 265/75R16, yenye milimita 804, ni ongezeko la karibu asilimia 3.5. Mshale ukionyesha 80, gari liko karibu 83, na injini inavuta kwa taabu zaidi mlimani. Kwa pikapu za fobai, matairi yote manne yawe na kipenyo kimoja. Tairi jipya kubwa nyuma na lililoisha mbele, ukiingiza fobai kwenye ardhi ngumu, huvunja gia za difu. Spea nayo iwe saizi ileile.

Mapya na ya mitumba

Afrika Mashariki iliwahi kutengeneza matairi yake. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na Sameer Africa, waliokuwa wakitengeneza Yana mjini Nairobi, walifunga kiwanda chao mwaka 2016. Matairi mengi yanayouzwa sasa hutoka nje ya kanda, hasa Asia. Mfanyabiashara anayeleta matairi kutoka Kigoma au Dar es Salaam asidhani hati rahisi ya uasilia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya bidhaa zisizozidi dola 2,000, itamsaidia. Hati hiyo ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na tairi la China halibadiliki kuwa la Tanzania kwa kukaa ghalani Kariakoo. Risiti na hati za forodha zitunzwe, maana ofisi ya mapato ya Burundi, OBR, inaweza kuziuliza hata bidhaa ikiwa imeshafika mjini.

Kwa kuwa tairi jipya hulipwa kwa fedha za kigeni ambazo Burundi zimekuwa adimu, wengi huangukia mitumba. Si kila tairi la mtumba ni baya, lakini linataka ukaguzi. Kwanza isomwe tarehe. Baada ya herufi DOT kuna msururu wa alama, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Zikiwa tarakimu tatu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000 na mazungumzo yaishe hapo hapo. Baadhi ya watengenezaji wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano na liondolewe likifika kumi hata kama kashata zipo. Kwa joto la Bujumbura na mizigo ya huku, miaka sita inatosha kumfanya mnunuzi asite.

Pili, mkono uingizwe ndani ya tairi. Ukitoka na unga mweusi, au ukagusa mikunjo inayozunguka ubavu, tairi hilo liliwahi kukimbizwa bila upepo na nyuzi zake zimeshakufa. Uvimbe ubavuni ni uamuzi uleule. Kiraka au utambi katikati ya kashata unavumilika, ubavuni haupokelewi.

Tatu ni kuchongwa. Tairi kipara hukatwa mifereji mipya kwa kisu cha moto, likapakwa rangi nyeusi na kung'aa kuliko jipya. Mifereji iliyokatwa kwa mkono haina kingo sawa, na vile vinundu vidogo vya kuonyesha kikomo cha kuisha, milimita 1.6, havionekani tena. Chini ya mifereji hiyo umebaki mpira mwembamba juu ya waya.

Nne ni matairi ya baridi kutoka Ulaya. Mpira wake hutengenezwa laini kwa ajili ya hali iliyo chini ya nyuzi joto 7, na Bujumbura huisha haraka sana. Mchoro wa mlima wenye theluji siku hizi upo pia kwenye baadhi ya A/T halisi, kwa hiyo usitumike peke yake. Kinachoyafichua ni mikato mingi myembamba, kama nyembe, iliyojaa kila kashata, na mpira unaobonyea kwa ukucha.

Upepo

Mafundi wa Burundi na Kongo husoma bari, wa Tanzania husoma PSI. Bari 1 ni PSI 14.5, na makosa ya kubadilisha yameua matairi mengi mazuri. Tairi la LT la daraja D hufikia uwezo wake wote likiwa na PSI 65, la daraja E likiwa na 80. Likipewa 35 kama la teksi, uwezo ulioandikwa ubavuni haupo tena. Kwa upande mwingine, pikapu tupu yenye upepo wa mzigo hurukaruka na kula kashata za katikati, hivyo upepo upunguzwe mzigo ukishashushwa.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, wala usipunguzwe njiani kwa sababu tairi limepata moto. Wako wanaotoa upepo Bujumbura wakihofia mwinuko wa Bugarama. Ni kweli kipimo hupanda kama PSI 2 kwa hewa nyepesi ya juu, lakini baridi ya huko hukishusha karibu kiasi hicho hicho, na anayepunguza hurudi chini na tairi lililolegea, akiwa na mzigo na mteremko mbele yake. Kwenye matope au mchanga wa ziwani, gari likiwa tupu, kushusha hadi PSI 25 husaidia, mradi pampu imo garini na upepo urudishwe kabla ya kukanyaga lami.

Akiwa na fedha ya matairi mawili tu, mwenye pikapu anunue mawili yanayofanana na kuyafunga nyuma, ambako mzigo upo na ambako gari likiteleza ni vigumu kulirudisha. Yaliyotoka nyuma, yakiwa bado mazima na ya kipenyo kinachokaribiana, yahamie mbele, na lile bora kati ya yaliyobaki liwe spea.